Maswali ya Wasomaji: Nchi ya Wengine Ikitoza Kodi Boti Zenu

SWALI: Wahariri, salamu kutoka Kisumu. Mimi ni katibu wa chama kidogo cha wenye boti za starehe. Katika mkutano wetu, mwanachama mmoja alieleza jinsi Italia ilivyowahi kutangaza kodi kwa kila boti inayozidi mita 10, hata ikiwa ya mgeni. Tangu siku hiyo watu wana wasiwasi: Uganda au Tanzania wakipata wazo kama hilo, sisi tunaovuka ziwa tufanyeje? Wengi wanataka tuandae barua kali na tutangaze kususia bandari zao. Mimi nasitasita. – Katibu, Kisumu

JIBU: Una haki ya kusita, Katibu. Kususia ni silaha ya mwisho, na kwa chama kidogo huenda isiumize mtu yeyote ila wanachama wenyewe. Tuanze na Italia, maana kisa chenyewe kina mengi kuliko alivyokisimulia mwenzenu.

Serikali ya Mario Monti ilitoa amri ya kunusuru uchumi tarehe 6 Desemba 2011. Ndani yake mlikuwa na kodi ya boti kukaa katika maji ya Italia, iliyopangwa kuanza 1 Mei 2012, bila kujali bendera, yaani nchi boti ilikosajiliwa. Boti ya zaidi ya mita 10 hadi 12 ingelipa euro 5 kwa siku. Hadi mita 14, euro 8. Hadi 17, euro 10. Hadi 24, euro 30. Viwango viliendelea kupanda hadi euro 703 kwa siku kwa chombo kinachozidi mita 64. Mashua za tanga zenye injini ya akiba zilipewa nusu. Sheria ilihesabu kila siku au sehemu ya siku, na hayo maneno "sehemu ya siku" ndiyo yanayouma: ukiingia saa kumi na moja jioni na kuondoka kesho yake asubuhi, umeshalipa siku mbili.

Kodi hiyo haikuwahi kutozwa kwa sura hiyo. Kufikia mwisho wa Machi 2012 sheria ilikuwa imebadilishwa: malipo ya siku yakafutwa, ikawekwa kodi ya mwaka kwa wakazi wa Italia wenye boti, na wageni wasio wakazi wakaachiliwa. Mwaka 2013 boti zote zisizozidi mita 14 zikasamehewa. Kuanzia 2016 kodi nzima ikaondolewa.

Sasa angalieni nani aliyesikilizwa. Mwenye boti wa kigeni hana kura Italia. Waliokuwa na sauti ni wenye magati wa Kiitalia, mafundi, wauza mafuta na wajenzi wa boti, walioona nafasi zikibaki wazi huku wateja wakihamia Kroatia, Slovenia na Corsica. Serikali nayo ilipewa njia ya kurudi nyuma bila kuaibika, kwa kuwa haikulazimika kufuta kodi siku ile ile. Iliihamisha tu kutoka kwa mgeni hadi kwa mkazi, na kutoka siku hadi mwaka.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya chama chenu ni kujua majina ya watu wanaopata riziki kwenu upande wa pili wa ziwa: mwenye gati, mwenye nyumba ya wageni, fundi wa injini, muuza petroli. Hao ndio watakaokwenda kwa mbunge wao. Ninyi mnawapelekea hesabu.

Hesabu hizo zikusanywe kabla ya kodi kutajwa popote. Chapeni fomu ya ukurasa mmoja ambayo kila nahodha huijaza akirudi: urefu wa boti, tarehe ya kuingia na kutoka, idadi ya watu, usiku aliolala, lita za mafuta alizonunua huko, ada ya gati, chakula na malazi, matengenezo. Risiti zibandikwe nyuma. Mhazini aingize kila fomu kwenye daftari ndani ya wiki moja, maana baada ya mwezi watu huanza kukisia. Miezi 12 ndiyo bora. Ya Desemba peke yake itawadanganya, kwa sababu mwezi huo watu husafiri na kutumia kuliko kawaida.

Kisha jihadharini na kosa ambalo vyama vingi hulifanya. Tuchukue mfano, namba zikiwa za kufanyia mazoezi tu. Mna boti 12. Kila moja huvuka mara 4 kwa mwaka na kulala usiku 3 kila safari. Huo ni usiku 144. Kila usiku boti ikitumia Sh 6,000, wafanyabiashara wa upande wa pili hupata Sh 864,000 kwa mwaka. Tozo ikiwa Sh 1,500 kwa siku, na usiku 3 ukihesabiwa siku 4, hazina ya jirani itatarajia Sh 288,000. Chama hukimbilia kuandika: "Boti zetu nusu zikiacha kuja mtapoteza Sh 432,000 ili mpate Sh 144,000." Inasikika vizuri. Lakini afisa wa hazina ataitupa barua hiyo, na atakuwa na haki. Zile Sh 432,000 si mapato ya serikali. Linaloifikia hazina ni kodi ya ongezeko la thamani, ambayo Uganda na Tanzania Bara ni asilimia 18, nayo imo ndani ya bei. Katika Sh 432,000 ni kama Sh 65,900, na hapo tumedhani kila muuzaji amesajiliwa, jambo ambalo ufuoni si kweli. Hazina bado imefaidika. Kwa mfano huu, mpaka boti 9 kati ya 12 ziache kuvuka ndipo hazina ianze kupata hasara.

Hii ndiyo sababu hatuamini barua ya vitisho. Kwa hesabu ya mapato tu mtashindwa. Hoja yenu iwe kazi za watu na biashara ndogo, na isemwe na wenye biashara hizo. Ninyi kwa upande wenu msiombe kodi ifutwe. Ombeni maneno mahususi ya kuingizwa kwenye sheria, mkiyaandika wenyewe ili karani asiyabuni. Mfano: "Tozo hii haitatozwa kwa chombo kisicho cha biashara, kilichosajiliwa katika nchi mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kinachokaa siku zisizozidi 30 katika mwaka mmoja." Ombi la pili, la kukimbilia likikataliwa la kwanza: malipo yawe ya mwaka, kwa kibandiko kimoja, badala ya kila siku. La tatu: siku ya kuingia na ya kutoka zihesabiwe kuwa siku moja. Hilo la tatu linaonekana dogo, lakini katika mfano wetu linapunguza malipo kwa robo.

Na muda? Mwaka wa fedha wa Kenya, Uganda na Tanzania huanza 1 Julai. Sheria ya Uganda ya usimamizi wa fedha za umma ya 2015 inataka bajeti ifike bungeni kufikia 1 Aprili. Tanzania, muswada wa fedha husomwa Juni na kuanza kazi 1 Julai, nafasi finyu mno. Barua inayofika Juni imechelewa kote kuwili. Januari na Februari ndiyo miezi yenu.

Nakala ipelekeni Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria. Makao yake makuu yako hapo hapo Kisumu, na ni chombo cha Jumuiya nzima. Inashangaza jinsi vyama vya boti vya mji huo vinavyofikiria Nairobi na Arusha kabla ya kuvuka barabara.

Usisahau kumbukumbu za mkutano. Azimio liandikwe na idadi ya waliohudhuria, waliounga mkono na waliopinga, na majina mawili ya wasemaji. Wasemaji watatu au zaidi huleta kauli tatu, na mwandishi wa habari atachagua ile ya hasira.

SWALI: Boti yangu naiita ya futi 33. Hati yake imeandikwa mita 10.4. Nikiipima kwa futi kamba napata mita 9.9. Ikija kodi ya zaidi ya mita 10, mimi niko wapi? – Nahodha, Mbita

JIBU: Ndugu nahodha, uko mahali pabaya, lakini panarekebishika. Kwanza, futi 33 ni mita 10.06. Mipaka ya kodi huwekwa kwa mita kamili, na boti hutengenezwa na kutajwa kwa futi. Ndiyo maana wengi hunaswa kwa sentimita chache. Futi 23 ni mita 7.01. Futi 40 ni mita 12.19. Futi 32 ni mita 9.75, huyo yuko salama.

Pili, kuna urefu wa aina mbili. Kuna urefu wa bodi yenyewe, na kuna urefu wa jumla ukiweka kila kinachochomoza. Kipimo cha kimataifa kinachotumiwa na watengenezaji, ISO 8666, hakihesabu katika urefu wa bodi vitu vinavyoweza kufunguliwa bila kuharibu bodi: jukwaa la kuogelea la nyuma, vyuma vya kushikia vya omo, mti wa mbele wa tanga, injini ya kuning'inia. Sehemu zilizofinyangwa pamoja na bodi huhesabiwa. Inawezekana kabisa kwamba aliyejaza hati yako alipima mpaka mwisho wa injini.

Ipime upya hivi. Iweke boti nchi kavu, iwe sawa kwenye magogo. Teremsha timazi kutoka ncha ya omo hadi chini, weka alama. Teremsha nyingine kutoka ukingo wa nyuma wa bodi, bila injini. Pima kati ya alama mbili chini, katika mstari ulionyooka, kwa futi kamba ya chuma. Ya kitambaa huvutika. Usipime kwa kufuata ubavu wa boti, kwani mpindo utakuongezea sentimita nyingi. Pima mara tatu. Kisha omba mkaguzi anayetambuliwa na Mamlaka ya Bahari ya Kenya (KMA) athibitishe, na hati isahihishwe. Lifanye sasa kukiwa kimya. Ombi la kusahihisha urefu likiletwa wiki mbili baada ya kodi kutangazwa hutazamwa kwa jicho la shaka, hata kama ni la kweli.

Chama kinaweza kukusaidia hapa kwa kupanga siku moja ya kupima boti zote, mkaguzi akaja mara moja na gharama zikagawanywa.

SWALI: Sisi tuko Naivasha. Ziwa letu halina mpaka na nchi yoyote. Chama cha Kisumu kinaomba vyama vya maziwa mengine visaini barua. Tunaingiaje hapo? – Mwenye boti za watalii, Naivasha

JIBU: Kusaini hakuwagharimu kitu, na barua yenye mihuri ya vyama vinne husomwa tofauti na ya kimoja. Fedha msichange, tatizo si lenu moja kwa moja. Ila barua ikipita, iwekeni faili, kwa kuwa wazo la kutoza kwa urefu wa boti huhama kirahisi. Kwenu ingekuja kama ada ya kaunti. Kifungu cha 209 cha Katiba kinaipa kaunti kodi ya mali, kodi ya burudani na ada za huduma inazotoa; ushuru wa forodha, kodi ya mapato, ya bidhaa na ya ongezeko la thamani ni vya serikali ya kitaifa. Swali la kuuliza siku hiyo ni moja: huduma gani, kwa gati lipi?

SWALI: Mimi na ndugu zangu tuna hisa katika yoti ya tanga ya mita 13 inayokaa Ugiriki, tunaikodisha kiangazi. Mwenzangu aliyeko huko anasema kuna kodi ya kusafiri majini na kwamba chama cha wenye yoti kinapaswa kuigomea. Je, tugome? – Msomaji, Kisumu

JIBU: Msigome, dada. Ugiriki ilipitisha sheria ya kodi hiyo mwaka 2014, lakini ukusanyaji ulianza Mei 2019. Katika miaka hiyo mitano kulikuwa na watu walioamini imekufa. Haikufa. Inahusu vyombo vya starehe vinavyozidi mita 7, na viwango vya kuanzia 2019 vilikuwa euro 16 kwa mwezi kwa mita 7 hadi 8, euro 25 hadi mita 10, euro 33 hadi mita 12, na zaidi ya hapo euro 8 kwa kila mita kwa mwezi. Kwa mita zenu 13 hiyo ni euro 104 kwa mwezi, euro 1,248 kwa mwaka mzima. Viwango hubadilishwa, basi hakikisheni kwenye mfumo wa serikali wa malipo kabla ya kulipa.

Tofautisha na ile ya Italia. Hii ni ya mwezi, inawahusu wenyeji na wageni, na mtu hulipa kwa mtandao kabla ya safari. Kodi isiyombagua mgeni ni ngumu kuipiga kisheria. Hapo chama kinachojali wanachama wake kinafanya mambo mengine: kinatafsiri fomu, kinaonya kuhusu tarehe, kinaeleza nini kinatokea ukikamatwa bila stakabadhi, na kinapigania yale madogo yanayokera, kama jinsi boti iliyoko juu nchi kavu miezi ya baridi inavyohesabiwa.

Jambo lingine linalochanganywa na kodi hii ni bendera. Yoti ya kibinafsi iliyosajiliwa nje ya Umoja wa Ulaya na inayomilikiwa na wasio wakazi huruhusiwa kukaa humo kwa muda bila kulipiwa kodi ya ongezeko la thamani, kwa kawaida miezi 18. Lakini ninyi mnaikodisha, na chombo cha biashara hakimo katika msamaha huo wa kibinafsi. Muulizeni mhasibu wa huko kabla hamjapigania euro 104.

Na kama mwenzako atakuletea mfano wa Marekani, mwambie yote. Marekani iliweka kodi ya asilimia 10 kwa sehemu ya bei ya boti iliyozidi dola 100,000, kuanzia Januari 1991, na ikaifuta Agosti 1993. Mauzo yalianguka na wajenzi wa boti wakapoteza kazi. Ndiyo. Lakini uchumi wote ulikuwa umedorora wakati huo, na chama kinacholaumu kodi peke yake hupoteza heshima pale mtaalamu wa upande wa pili anapofungua kinywa.

SWALI: Huku kwetu tunabeba abiria na mizigo kuvuka mpaka majini. Afisa wa upande ule akitudai pesa ufuoni na kusema ni kodi mpya ya boti za kigeni, tulipe au turudi? Na kuna mtu amesema twende mahakama ya Arusha. – Koksweni, Port Victoria

JIBU: Koksweni, usalama wa abiria kwanza. Usibishane ukiwa majini wala usiondoke kwa kasi. Funga gatini, kisha uliza mambo matatu kwa upole: jina la sheria na kifungu, kiwango kwa maandishi, na stakabadhi ya serikali yenye namba. Vikitolewa vyote vitatu, lipa, na uandike kwenye nakala yako "nimelipa nikipinga", tarehe na saa. Ukilipa hivyo hujapoteza haki ya kudai. Kisipotolewa kimoja, omba kupelekwa ofisi ya forodha iliyo karibu. Mara nyingi mtu asiye na kitabu cha stakabadhi hapendi safari hiyo. Piga picha karatasi, si uso wa mtu. Kamati ya usimamizi wa ufuo ijulishwe siku hiyo hiyo.

Kwa kuwa ninyi ni biashara, mna mlango ambao wenye yoti hawana. Kila nchi mwanachama ina kamati ya kitaifa inayofuatilia vikwazo vya biashara visivyo vya ushuru, na kuna mfumo wa pamoja wa COMESA (soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika), Jumuiya ya Afrika Mashariki na SADC (jumuiya ya maendeleo ya kusini mwa Afrika) wa kuripoti vikwazo hivyo kwa mtandao. Malalamiko yaliyo na picha ya stakabadhi na tarehe husonga. "Wanatusumbua sana" hayasongi.

Mtasikia pia watu wakitaja Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, ambao kifungu chake cha 26 kinakataza kutoza chombo cha kigeni kwa sababu tu kimepita, isipokuwa kwa huduma mahususi kilizopewa. Ni kanuni nzuri, na mnaweza kuiiga katika barua. Lakini kifungu hicho ni cha bahari ya eneo la nchi. Ziwa Victoria ni maji ya ndani ya nchi tatu, hivyo msikiegemee mbele ya hakimu. Egemeeni Itifaki ya Umoja wa Forodha iliyoanza 2005 na ya Soko la Pamoja iliyoanza 1 Julai 2010, ambazo zinapinga kumtendea mfanyabiashara wa nchi mwanachama vibaya kuliko mwenyeji. Hoja ni ubaguzi: je, boti yao ya urefu ule ule, inayobeba mzigo ule ule, inalipa? Kama inalipa, hamna kesi. Pateni stakabadhi za wenzenu wa upande ule kabla ya kumlipa wakili.

Kuhusu Arusha: kifungu cha 30 cha Mkataba wa Jumuiya kinamruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama kupeleka sheria au uamuzi wa nchi mwanachama mbele ya Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Muda ni miezi miwili tu, na mahakama hiyo imekuwa kali sana kuhusu muda. Kusema kwamba unaendelea kutozwa kila wiki hakuongezi hata siku moja. Miezi hiyo huhesabiwa tangu sheria ilipotungwa au kuchapishwa, au uamuzi ulipotolewa. Pale tu ambapo hakuna tarehe ya namna hiyo ndipo huhesabiwa tangu siku mlipojua. Mtu anayesubiri mkutano mkuu wa mwaka kupata idhini amekwisha chelewa. Ingizeni kwenye katiba ya chama kipengele kinachoipa kamati ya utendaji mamlaka ya kufungua shauri kwa saini tatu ndani ya siku 14, na mchagueni mtu mmoja wa kusoma gazeti rasmi la serikali ya Uganda na la Tanzania kila wiki kuanzia Aprili hadi Agosti.